BLASIO KIGOZI: Mtu Aliyejitenga Juma Zima Mbele za Mungu



Mtu akisimama Rusumo, pale maji ya Kagera yanapoanguka kwa kishindo, na akitazama upande wa magharibi, anaiona nchi ya Rwanda. Akiingia humo kwa gari, kabla siku haijaisha atafika Gahini, kilima kilicho juu ya ziwa Muhazi. Katika kilima hicho aliishi na kufanya kazi shemasi mmoja kijana, jina lake Blasio Kigozi. Wazee wetu wa uamsho walipenda kumtaja. Lakini vijana wengi wa Ngara na Biharamulo wamelisikia jina lake tu, wala hawajui alifanya nini. Kwa hiyo mara hii tunataka kuwasimulia habari zake.

Blasio hakuwa askofu. Hakujenga kanisa kubwa wala hakuandika vitabu. Alikufa kabla ya kufikisha miaka 30, na kazi iliyomfanya ajulikane haikuzidi mwaka mmoja. Hata hivyo matunda yake yalifika Uganda, Burundi, Kenya, na hapa kwetu. Tukiuliza nguvu hiyo ilitoka wapi, tunarudishwa kwenye juma moja ambalo hakuhubiri wala hakufundisha, bali alikaa peke yake na Mungu.

Nyumbani kwao

Blasio alikuwa Mganda, naye alizaliwa yapata mwaka 1909 katika jamaa yenye heshima. Kaka yake aliitwa Simeoni Nsibambi. Huyo Simeoni alikuwa na kazi nzuri katika idara ya afya ya serikali huko Kampala, lakini moyo wake haukuridhika. Mwezi wa Septemba 1929 alikutana katika kilima cha Namirembe na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa amechoka sana kwa kazi ya Gahini. Wawili hao walikaa pamoja wakisoma Maandiko na kuomba, wakitafuta habari za Roho Mtakatifu. Baada ya siku hizo Simeoni aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri, na daktari akarudi Gahini akiwa mtu mwingine.

Tuliangalie jambo hili vizuri, maana ndilo mlango wa habari yote. Moto wa uamsho haukuanza katika mkutano wenye watu elfu. Ulianza kwa watu wawili, mweusi na mweupe, walioketi na Biblia wazi na kukiri kwamba wana upungufu.

Kwenda Gahini

Mwaka huo huo wa 1929 Blasio alikubali kwenda Gahini kuwa mwalimu. Wakati huo haukuwa mwepesi. Njaa kali ya 1928 na 1929 ilikuwa imeipiga Rwanda, hasa upande wa mashariki, na watu wengi walikufa. Hospitali ya Gahini ilikuwa changa, na wagonjwa wake wengi walikuwa watu waliodhoofishwa na njaa. Kijana wa Buganda angeweza kupata kazi kwao, karibu na ndugu zake na barabara nzuri. Yeye alichagua nchi ambayo lugha yake alikuwa hana budi kujifunza, na mshahara wa mwalimu wa misheni ulikuwa mdogo.

Sisi wa Ngara tunaweza kuielewa nchi ile bila shida. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Gisaka, upande ule wa mashariki ya Rwanda, iliwekwa kwa muda chini ya Waingereza, hata ikarudishwa kwa Wabelgiji mwaka 1924. Bugufi nayo ilitengwa na Burundi ikabaki Tanganyika. Mipaka ilichorwa na wakubwa walioketi mezani mbali sana. Lakini watu wa vilima hivi waliendelea kuoana, kuuziana ng'ombe na kusikilizana lugha. Ndiyo sababu habari za Gahini hazikuchelewa kuvuka mto.

Ubaridi katikati ya kazi nyingi

Kwa nje Gahini ilionekana inakwenda vizuri. Palikuwa na hospitali, shule, na wainjilisti waliotumwa vijijini. Lakini ndani palikuwa na manung'uniko. Watu wa hospitali na watu wa kanisa na shule hawakupatana. Walimu walifundisha mambo ambayo wao wenyewe hawakuyaishi. Watu walibatizwa, wakapewa majina ya Kikristo, kisha wakarudi kwenye pombe, uzinzi na hirizi, na Jumapili wakaja kuimba.

Yosiya Kinuka, aliyekuwa mkubwa wa wahudumu wa hospitali, alivunjika moyo hata akataka kuondoka. Alikwenda Kampala akamweleza Simeoni Nsibambi shida zote za Gahini. Simeoni hakumfariji kwa maneno laini. Alimwonyesha kwamba ugonjwa wa Gahini ulianzia katika moyo wa Yosiya mwenyewe. Akiwa njiani kurudi, Yosiya alijitoa kwa Kristo. Tangu hapo alikuwa rafiki na mwenzi wa Blasio katika kazi.

Blasio alikwenda Mukono kusoma, akatiwa mikono kuwa shemasi, na mwaka 1934 akarudi Gahini kuisimamia shule ya wainjilisti. Alikuwa mtu wa bidii. Hapa ndipo wengi wetu tungemsifu na kumwacha aendelee. Lakini yeye alianza kuhuzunika. Alifundisha kila siku, akahubiri na kuzunguka vijijini, wala hakuona uzima. Wanafunzi walisikiliza, wakaandika, wakaondoka kama walivyokuja. Alikuwa kama mkulima anayelima kwa jembe butu. Anatoka jasho kuliko wenzake, na jioni shamba ni lile lile.

Juma la faragha

Katika mwaka 1935 Blasio alifanya jambo ambalo kwa watu wa kazi linaonekana kama uvivu. Aliacha kazi. Alijifungia nyumbani kwa muda wa juma moja, akaomba na kusoma Neno.

Hatuna maandishi yake yanayoeleza kila alichokiona katika siku zile, na ni vema iwe hivyo. Mambo ya chumba cha siri ni ya mtu na Baba yake. Lakini tunajua alichokuwa akitafuta. Alitaka kujua kwa nini kazi ya Mungu mikononi mwake haina nguvu. Wala hakutafuta jibu kwa wanafunzi wake, au kwa Wazungu, au kwa uhaba wa fedha. Alimwacha Mungu amchunguze yeye mwenyewe.

Biblia inatuonyesha njia hiyo mara nyingi. Eliya, baada ya ushindi wa Karmeli, alichoka hata akaomba kufa. Mungu hakuanza kwa kumpa kazi nyingine, bali alimlaza chini ya mti, akamlisha mara mbili, kisha akasema naye kwa sauti ndogo ya utulivu (1 Wafalme 19). Mitume waliporudi kutoka safari yao ya kuhubiri, huku watu wakija na kuondoka hata nafasi ya kula haipo, Bwana aliwaita waende kando wapumzike kidogo (Marko 6). Kupumzika huku ni kukubali kwamba kazi ni ya Mungu, na kwamba dunia haitaanguka kama mimi nikiketi.

Matokeo yake

Juma lilipokwisha Blasio alitoka akiwa mtu mpya. Masimulizi ya ndugu wa wakati ule yanasema kwamba hakukimbilia mimbarini. Alianza nyumbani kwa mkewe, akaomba msamaha. Kisha akawaendea wanafunzi aliowafundisha, akatubu mbele yao kwa mambo aliyowakosea. Wanafunzi walistaajabu sana. Katika siku zile mwalimu kumwomba mwanafunzi msamaha halikuwa jambo la kawaida, na hata leo tunaliona kwa nadra.

Tangu hapo mahubiri yake yalichoma. Mwezi wa Septemba mwaka huo Kasisi Lawrence Barham aliita kikundi cha Gahini kwenda Kabale, kule Kigezi, kufanya mikutano. Blasio alikwenda pamoja na Yosiya Kinuka, Dakta Church na kaka yake Simeoni. Walifundisha kwa utaratibu, siku baada ya siku: dhambi ni nini, toba ni nini, kuzaliwa mara ya pili, kutoka Misri, na kazi ya Roho Mtakatifu. Watu wengi walilia kwa ajili ya dhambi zao. Waliokuwa wameiba walirudisha mali. Waliokuwa na uadui walipatana. Vikundi vya waliookoka vilikwenda vijijini wakiimba na kushuhudia. Watu wakawaita Abaka, yaani wanaowaka, na baadaye jina la Balokole, yaani waliookoka, likaenea kila mahali.

Neno lililokuwa midomoni mwa Blasio siku zote lilikuwa neno moja la Kiganda, zukuka, yaani amka.

Mambo matatu kwa Sinodi

Wakati ule Wakristo wetu wa Rwanda walikuwa chini ya Dayosisi ya Uganda, na Askofu wake alikuwa Cyril Stuart wa Namirembe. Januari 1936 Blasio alisafiri kwenda kuhudhuria Sinodi. Alichukua mambo matatu aliyotaka Kanisa lijiulize. La kwanza, ni nini kilicholeta ubaridi na kifo katika Kanisa? La pili, kwa nini watu wanaoishi katika dhambi iliyo wazi wanaruhusiwa kuja kwenye Meza ya Bwana? La tatu, ifanywe nini ili uamsho uje?

Shemasi mdogo kuuliza maswali kama hayo mbele ya makasisi wazee na wakubwa wa nchi, hilo si jambo dogo. Lakini hakupata nafasi ya kusimama. Alishikwa na homa ya papasi, ile inayokuja na kuondoka na kurudi tena. Siku hizi homa hiyo huponywa kwa dawa, na zahanati zetu zinaifahamu. Wakati ule dawa za leo zilikuwa bado. Tarehe 25 Januari 1936 Blasio Kigozi alifariki dunia.

Fikirini jinsi ndugu zake walivyoumia. Mungu alikuwa amemwasha mtu, na baada ya miezi michache akamchukua. Yule ambaye wote walimtazamia aliondoka akiwa na maneno mkononi ambayo hakuyasema. Mjane alibaki. Shule ya wainjilisti ilibaki bila mkubwa wake. Mtu angeweza kusema kwamba juma lile la sala lilipotea bure.

Haikuwa hivyo. Askofu Stuart aliyapeleka yale mambo matatu mbele ya Sinodi, na kifo cha Blasio kiliyafanya yasikike zaidi kuliko kama angeyasema mwenyewe. Dakta Church aliandika kijitabu cha habari zake, kikasomwa na wengi. Mwaka 1937 Kanisa la Uganda lilipoadhimisha miaka 60 tangu wamisionari wa kwanza walipofika, palikuwa na mikutano ya uamsho katika sehemu nyingi. Kabla ya miaka ya 1930 kwisha, moto huo ulikuwa umekwisha kuvuka Kagera ukafika Katoke, kwenye shule ya walimu ya Kanisa. Kwa njia ya walimu na wainjilisti ukaingia katika makanisa ya nyasi ya Bugufi, Bushubi na Biharamulo. Dayosisi ya Kagera ilipoanzishwa mwaka 1985, makao yake yakiwa Murgwanza, wengi wa wazee walioijenga walikuwa watoto wa uamsho huo.

Swali ambalo halijazeeka

Lakini tusiimbe sifa za zamani tukasahau yaliyofuata. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili 1994 watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Wenye hatia na wasio na hatia walikuja pamoja, na mashamba yetu ya Benaco yakawa mji wa mahema. Nyuma yao walikuwamo watu wengi mno waliouawa, na wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Nchi ile ilikuwa imejaa ubatizo. Ilikuwa na historia ya uamsho, na vilima vyake viliwahi kuimba nyimbo za Damu ya Yesu.

Wapo ndugu waliosimama imara, wakawaficha jirani zao, na wengine wakafa kwa ajili hiyo. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini jambo hili linatufundisha kwamba uamsho haurithiwi kama shamba la kahawa. Babu anaweza kuwaka na mjukuu akawa baridi, ingawa wanaketi katika benchi moja na kuimba wimbo mmoja. Swali la kwanza la Blasio, juu ya kilicholeta ubaridi, linaulizwa upya kwa kila kizazi, na sisi wa upande huu wa mto tusidhani kwamba halituhusu.

Tujifunze nini?

Kwanza, sala. Blasio hakuomba ili Mungu abariki mipango aliyokwisha kuipanga. Aliomba ili aonyeshwe. Sala zetu nyingi ni kama orodha ya vitu vya dukani. Tunataja mvua, ada ya shule, mgonjwa na safari, kisha tunasema amina na kuondoka kabla Mungu hajasema neno. Yote hayo ni halali kuombwa. Lakini mtu amwombe Mungu pia amchunguze moyo, kisha akae kimya asikie. Na akionyeshwa kosa, aende akalitengeneze nyumbani kwanza, kama Blasio alivyoanza kwa mkewe.

Pili, mapumziko. Sisi ni watu wa jembe. Tunajua ng'ombe asiyepumzishwa hafiki mbali. Lakini katika mambo ya kiroho tunamsifu anayekimbia siku nzima. Mchungaji ana makanisa mengi ya kuzungukia, mikutano, mazishi, harusi na michango, na simu inalia hata usiku wa manane. Je, mtaa wetu ungemruhusu mchungaji ajitenge siku tatu tu, azime simu na kuomba, pasipo watu kusema kwamba amekuwa mvivu? Wazee wa kanisa walifikirie jambo hili.

Na akina mama je? Kila anayejitenga kuomba, yupo mtu aliyechukua kazi yake. Katika nyumba zetu mama ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Anachota maji, analima, anapika na kulea, na jioni anaambiwa aombe zaidi. Baba mmoja akisema leo mimi nitabaki na watoto, nitachemsha maharage, wewe nenda kanisani ukae na Mungu mpaka jioni, huyo amefanya tendo la imani ambalo malaika wataliandika.

Tatu, tumaini. Kupumzika bila tumaini ni kulala tu. Blasio aliweza kuacha kazi kwa juma zima kwa sababu aliamini kwamba shule ile ni ya Mungu. Tena aliweza kufa na neno lake halijasemwa, kwa sababu neno lile lilikuwa la Mungu. Mzazi aliyeomba kwa miaka mingi kwa ajili ya mwana aliyepotea, na mwinjilisti wa kijiji ambaye katika darasa lake wamebaki watu wanne, wakumbuke hili. Mungu hakuhitaji Blasio awe hai ili maswali yake yafike kwenye Sinodi. Wala hahitaji tuyaone kwa macho yetu matunda ya yale tuliyompa kwa moyo wote.

Ndugu mpendwa, pengine huwezi kupata juma zima. Anza na asubuhi moja. Tafuta mahali pa utulivu, chini ya mwembe, au kanisani siku ya katikati ya juma wakati hakuna mtu. Acha simu nyumbani. Chukua Biblia yako, soma Zaburi ya 139 polepole, kisha nyamaza. Usiharakishe kuondoka kwa sababu husikii kitu. Mkulima hachimbui mbegu kila saa aone kama imeota.

Na ukitoka hapo, kama kuna mtu uliyeonyeshwa kwamba umemkosea, usipite njia nyingine. Nenda kwake siku ile ile.

Bwana atuamshe sote. Amina.